Damu ya Kulinganishia

"Nyoosha mkono," mke alimwambia mumewe, sindano tayari.

Mume, dereva wa hospitali wanakofanya kazi wote wawili, akacheka na kukunja shati. "Chukua hata lita nzima, mama watoto. Humo utakuta chai tu."

Mke hakucheka. Wivu ulikuwa ukimla wiki tatu sasa, tangu dada wa mapokezi alipougua ile homa mpya ya tezi, homa isiyoambukizwa kwa kikohozi wala kwa kupeana mikono, ila kwa mate ya kubusiana. Na nani alikuwa akimrudisha yule binti nyumbani kila jioni? Njia ni moja, alijitetea dereva. Njia ni moja! Mpaka kiti cha mbele kinanukia marashi ya mtu?

"Madoa yakitokea," akamwambia, "nguo zako utazikuta nje ya mlango."

Madoa aliyajua vizuri, maana ndiyo kazi yake maabarani. Ndani ya damu mna seli wauaji. Zikishapambana na kirusi mara moja, hazikisahau. Zionyeshe kipande chake kidogo tu, zinapandwa na hasira, na kila moja inaacha doa la buluu. Mtu anaweza kula yamini mpaka kesho, lakini seli zake hazijui kuficha.

Akatia damu kwenye vishimo vitatu vya kisahani, kila kimoja na kipande cha kirusi cha homa ile. Cha kwanza, ya dada wa mapokezi. Cha pili, ya mumewe. Cha tatu, yake mwenyewe, ya kulinganishia. Alipoipima mwezi wa kwanza mwaka huu haikuwa na doa hata moja.

Daktari, mkuu wa maabara, akamletea chai, sukari vijiko viwili bila kuuliza.

"Achana na hilo," akasema, sauti bado imekauka kwa yale mafua yake ya mwezi uliopita. "Utajiumiza bure."

"Kikulacho ki nguoni mwako, Daktari. Acha nikione."

Asubuhi akakiweka kisahani chini ya darubini. Kishimo cha kwanza kilijaa madoa, kama alivyotegemea.

Cha pili kilikuwa cheupe pe. Akarudia kutazama. Cheupe! Mumewe hakuwahi kukutana na homa ile. Akashusha pumzi, akacheka peke yake kama mwehu, akachukua simu ampigie amwombe radhi.

Jicho likaangukia cha tatu, chake mwenyewe. Kilikuwa buluu tupu.

Simu akairudisha mfukoni. Tangu mwezi wa kwanza alikuwa amebusu wanaume wawili tu, na mmoja ndiye mumewe, mwenye kishimo cheupe.

Akavua glavu, akausukuma mlango wa Daktari bila kubisha.

"Na yule binti wa mapokezi," akafoka, machozi yakimlengalenga, "umeanza naye lini?"