Digidigi na Mwiba wa Nungu

Alikuwepo Digidigi, mama kijana aliyemwogopa Chui hata usingizini, na mwanawe wa kwanza, aliyelia kuwa masikio yanamwasha.

"Ni nta hiyo, shoga," alisema Nungu mjuaji, akimpa mwiba wake. "Mchokoe! Masikio machafu hivyo, atamsikiaje Chui?"

Digidigi akachokoa kila asubuhi. Kadiri alivyochokoa, ndivyo yalivyozidi kuwasha, naye akazidi kuuzamisha mwiba, hadi siku moja mtoto akapiga ukelele na damu ikatoka kote kuwili.

Kisha Chui akaja.

"Kimbia, mwanangu, kimbia, Chui huyo!"

Mtoto akaendelea kula majani. Ilibidi mama arudi, ampige kichwa cha ubavu, ndipo wakaponea chupuchupu.

"Lakini nilimsafisha, jamani, si nilimsafisha kila siku?" alimlilia Mbweha, mwenye masikio makubwa kuliko kichwa chake.

"Haya yangu sijayachokoa hata mara moja, mama. Nta ndiyo inayoyalinda. Ukiimaliza, yanakauka, yanawasha. Laiti ungeuliza kabla ya kushika mwiba."

Tangu hapo Digidigi hula akiwa amegusana ubavu na mwanawe, kwani akimwita, hageuki.