Mtani Amelala Mlangoni

Ng'ombe wa mzee Bartolomayo hawakwenda malishoni asubuhi ile, na sababu ilikuwa mwanamke mmoja wa Kihehe aliyelala chali mlangoni pa zizi, koti la mtumba kaligeuza mto.

"Ondoka, Lea, watakukanyaga!" mzee alifoka.

"Wanikanyage. Mtani akifia kwako, jeneza utachonga wewe."

"Hilda!" mzee akamwita mkewe. "Mfiche mbwa wangu. Huyu Mhehe akishikwa na njaa, hatutamwona tena!"

"Mbwa mwenyewe amekonda kama ombaomba wa Kigogo," Lea akajibu bila kufumbua macho. "Sitaki mbwa. Nataka bunduki."

Hilda alicheka mpaka akashika kiuno. Zipora, Mgogo aliyekuja na Lea, aling'ata upande wa khanga ajizuie, akashindwa. Tangu amzike mwanawe Sila alikuwa hajacheka, na kicheko chenyewe kilimuuma kifuani.

Mzee hakuwa na ujanja: yeye Mgogo, Lea Mhehe, na makabila hayo ni watani. Mtani hagombezwi wala hafukuzwi, na akidai kitu, hanyimwi. Mwenyekiti wa kijiji aliwahi kuifuata bunduki ile, akatimuliwa kwa fimbo. Angekuja polisi, mzee angeapa kufa nayo. Lakini mtani? Utamfanya nini mtani!

Zilikuwa enzi za ruksa. Mitumba ilijaa minadani, redio zikaingia mpaka vijijini, na magobole nayo yakazagaa pande zote mbili za mto Ruaha, Wagogo huku, Wahehe kule. Watu wa huku walijihami kwa sababu Hasani, mfuga mbuzi wa ng'ambo, ana bunduki. Wa kule walijihami kwa sababu Bartolomayo anayo. Woga ukazaa woga. Sila alipigwa risasi kisimani akinywesha ndama, na aliyempiga hakuwa mwizi. Aliona kivuli, akaogopa. Mwezi haukuisha, mwana wa Lea naye akapigwa upande wa pili.

Mama hao wawili walikutana matangani, wakalia mpaka sauti zikakauka. Kisha wakaanza kupita nyumba kwa nyumba, ng'ambo hii na ng'ambo ile, wakiomba watu wasalimishe silaha kabla hajazikwa mwana wa mwingine. Kila mlango waliambiwa maneno yaleyale: "Wakitoa Bartolomayo na Hasani, na mimi natoa."

Bunduki ya Bartolomayo ilining'inia darini, imeviringishwa kwenye blanketi na kukazwa kwa kamba za ngozi. Hata Hilda hakuruhusiwa kuipangusa vumbi. Mwaka juzi fisi aliingia zizini akala ndama, na mzee hakuigusa. Alisema baruti haipotezwi kwa fisi. Jamani, wakisikia hivyo watu walizidi kumwogopa!

Ng'ombe walianza kulia kwa njaa. Mzee akamgeukia Zipora, sauti imeshuka.

"Mama Sila, na huyo Hasani je?"

"Nilimlalia mlangoni jana, baba. Mbuzi wake wamenikojolea, lakini sikubanduka. Siku ya mnada analeta, mradi na wewe ulete."

"Amekubali upesi hivyo?"

"Alinitukana kwanza. Halafu akatoa sharti: isifunguliwe hadharani. Eti bunduki ya mwanaume haivuliwi nguo mbele za watu."

Mzee alikuna kidevu, akalitazama paa la nyumba yake, akaurudia uso wa Zipora.

"Kweli kabisa, haivuliwi," alisema. "Basi na sharti langu ni hilohilo. Haya, mwondoeni huyu mla mbwa, ng'ombe wangu wanakufa!"

Siku ya mnada watu walijaa kuliko ng'ombe. Bartolomayo na Hasani walifika na mabunda yao begani, wamenuna kama mabwana harusi waliolazimishwa. Hakuna aliyetaka kutangulia. Wakatazamana weee, mpaka Lea akachoka. Akamrukia Bartolomayo, Zipora akamrukia Hasani, na mabunda yote mawili yakapokonywa kwa pamoja. Loo, vigelegele vilivyopigwa hapo!

Sasa wengine wangesema nini? Ahadi ni deni. Wagogo wakatoa, Wahehe wakatoa, huku wakitukanana matusi ya kitani yasiyosemeka mbele ya wakwe. Magobole yaliyofichwa kwenye vihenge vya mtama na chini ya vitanda yakatupwa moja baada ya jingine ndani ya lori lililoletwa kuyapeleka polisi. Zipora alilitazama lundo likikua, machozi yakimtoka. Kila moja lililotupwa alijiuliza kama ndilo lililompiga Sila. Hakutaka kujibiwa. Alitaka tu liondoke, lisimkute mtoto wa mtu mwingine kisimani.

Lori lilipoondoka kuelekea polisi Mpwapwa, mama hao wawili walipanda nyuma kulinda mzigo. Mnada ulipopotea vumbini, Lea alimgusa mwenzake bega.

"Hapa si hadharani tena. Tuzione basi, shoga yangu. Zimetutesa mno."

Zipora alilivuta bunda la Bartolomayo mapajani. Kamba zilikuwa zimekakamaa kwa miaka, ikabidi atumie meno. Alipolikunjua blanketi, ndani alikuta mchi wa kinu.

Lea akalivuta la Hasani. Alilifungua, na humo namo mlikuwa na mchi, tena huo ulikuwa umeliwa zaidi na mchwa.