Wimbo Uliokatika

Kinyozi aliliona kovu nyuma ya sikio la mteja, akausimamisha wembe.

Kovu lile alilijua. Miaka ya nyuma alikuwa amelizungukia kwa wembe mara kadhaa bila kujua ni la nani, mpaka siku alipoliona kwenye bango kubwa barabarani, nyuma ya sikio la Mwimbaji wa bendi ya roki, juu ya tangazo la onyesho lao. Leo Mwimbaji mwenyewe alikuwa amerudi. Alikuwa amesukuma mlango, kengele ndogo ya juu ikalia, akaingia na kofia, miwani ya jua na ndevu kama kichaka. "Zote," alisema, akajilaza kitini. Sasa taulo la moto lilimfunika macho, na kifua kilikuwa kikipanda na kushuka taratibu.

Nyuma yao mashabiki wawili walikuwa wakibishana juu ya bendi hiyo hiyo, kama kila Jumamosi, wala hawakujua ni nani aliyelala hatua tatu kutoka kwao.

"Baada ya albamu ya nne waliisha," alisema fundi saa, mwenye kibanda cha jirani. "Gitaa limelala, na ngoma inapigwa kama mtu anabisha hodi kwa mkwewe. Hiyo si roki, ni nyimbo za msibani. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Wewe unasikiliza kwa miguu," alimjibu mwalimu mstaafu. Alikuwa amekalia kiti cha pili, cha mdogo wa kinyozi, ambacho hakikuwa na mwenyewe tangu kijana huyo aende ng'ambo kutafuta maisha. "Sikiliza maneno! Albamu nne nzima ni nakupenda, usiniache. Halafu ghafla, ya tano, watu wawili wa tumbo moja wanagombania urithi. Ya sita, mmoja anaanguka ngazini. Ya saba, usiku, koleo na chokaa. Ni kisa kimoja, bwana, kimekatwa vipande vitatu."

"Kisa cha kutunga."

"Mtu hatungi kwamba maiti ilikuwa na soksi moja. Hicho ni kitu cha kuona."

Wembe uliteleza. Tone dogo la damu likachomoza kwenye povu, na kinyozi akalifuta haraka kwa kidole. Mteja hakutikisika.

"Jamani, hamna hata habari za mpira?" kinyozi aliwaambia.

Fundi saa alicheka. "Msikie! Mteja akishalala, huyu ndiye anafungua mdomo, anamsimulia hadi ya utotoni. Sisi tulio macho anatunyima. Na leo mbona hata huyo aliyelala humsemeshi?"

Kinyozi aliendelea kunyoa. Aliogopa, na hofu yake haikuwa ya leo. Hakuwahi kununua hata wimbo mmoja wa bendi ile, lakini albamu zake tatu za mwisho alizijua neno kwa neno. Wazee hawa walikuwa wakichimba karibu mno. Wangefika kwenye ukweli hapa hapa, na mtu huyu akiwa kitini, basi kuna mtu asingetoka salama katika chumba hiki.

"Mimi nasema ameua," alisema mwalimu, akipunguza sauti. "Huyo Mwimbaji. Amemuua ndugu yake. Lisemwalo lipo."

"Ndugu yupi? Alizaliwa peke yake. Mama yake alisema redioni."

"Basi binamu."

"Binamu ndiyo tumbo moja, mwalimu? Na ule wimbo wa mwisho wa albamu ya saba je? 'Nikambeba mpaka kwenye...' Kimya! Umekatika katikati ya mstari. Maneno yaliwaishia, ndiyo maana mwaka wa nne huu hawajatoa kitu."

"Ule ndio ufundi wenyewe!"

"Ufundi gani? Hata kengele inasikika mwishoni, kama mtu kaingia studio wakiwa wanarekodi. Wangeifuta, kama ni mafundi."

Mwalimu alitaka kujibu, lakini simu yake ikaita. Mkewe alikuwa ameshapakua chakula. Fundi saa naye akachungulia nje, akaona mtu anamsubiri kibandani.

"Kaeni kidogo," alisema kinyozi. "Nawachemshia chai."

Walitazamana. Miaka yote hiyo hakuwahi kuwapa hata maji.

"Huyu leo ana homa," alisema fundi saa, akamvuta mwenzake. Mlango ukafunguka, kengele ikalia, mlango ukafungwa.

Kinyozi alisimama na wembe hewani. Aliutazama mlango akapima hatua. Zilikuwa tano. Alijiambia mteja amelala fofofo, kwamba atamaliza shavu la kushoto, atamwamsha kwa adabu, na mtu huyu atakwenda zake.

"Ni kengele hii hii," alisema Mwimbaji chini ya taulo, kwa sauti ya mtu ambaye hakuwa amelala hata kidogo. "Ililia siku ile ukinisimulia, mteja mwingine akaingia, nawe ukanyamaza."

Kinyozi aliushusha wembe.

"Albamu ya nane imebaki wimbo mmoja. Mdogo wako ulimbeba mpaka wapi?"