Rimu Mpya Msibani

Erasmus alitoa ufunguo wa nati kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhi mahari. Yule mwenye kofia nyekundu akaupokea bila hata asante.

"Taratibu na rangi," Erasmus alisema. "Ni mpya hizo."

Altezza yake ilikuwa imenyanyuliwa kwa jeki nyuma ya bani la kukaushia tumbaku. Nati nne za gurudumu la mbele zilikuwa zimeshatoka. Ya tano, yenye kufuli, ndiyo iliyowashinda wale watu watatu. Upande wa pili wa nyumba, watu wa Ntalikwa walikuwa wakimzika Mzee Limbu, baba mkubwa wa mkewe. Erasmus alikuwa amechomoka kaburini kwa sababu isiyosemeka mbele za watu: alitaka kuhakikisha mbuzi hawajakojolea rimu zake.

Mwenyewe alijua ni ujinga. Mwalimu wa hesabu, miaka arobaini na mitatu, kitambi juu, alitumia miezi miwili kuchagua magurudumu. Alijaza daftari zima kwa vipimo. Inchi kumi na saba zilimpa amani, kumi na nane zikamnyima usingizi. Nyeusi zilimfanya aonekane muhuni, za fedha zilimfanya aonekane mwalimu. Mwishowe akachukua kumi na nane, rangi ya shaba, na matairi yenye ukuta mwembamba kama chapati.

"Mwalimu, barabara ya Ntalikwa unaijua lakini?" Bhavik mwenye duka la Kanyenye alimuuliza.

"Naijua."

"Haya." Bhavik akamwekea na nati nne za kufuli, moja kwa kila gurudumu. "Mwizi akija bila ufunguo huu, atalia."

Toka siku hiyo Erasmus alikuwa akiendesha kwa mwendo wa jeneza, akikwepa mashimo ambayo hata baiskeli hazikuyajali. Watoto wa shule walimpita wakitembea, wakamwamkia shikamoo kupitia dirishani, naye akawaitikia marahaba bila kuondoa macho barabarani.

Lakini siku ya msiba huu hofu yake haikuwa mashimo. Ilikuwa wakwe zake. Mwaka jana, katika msiba wa Igunga, mtani mmoja alimvua viatu na kudai kuku wa kuvikomboa. Ni haki yake: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, mababu wa huku walipobeba pembe za ndovu hadi pwani, na mtani msibani hunyakua chochote mpaka kikombolewe. Kila mtu alicheka. Erasmus alinuna, akatukana, akaondoka pekupeku. Toka hapo wakwe zake wakamwita Bwana Viatu, na shemeji yake Masanja hakuwahi tena kumpa mkono.

"Leo wakikuchukulia kitu, cheka," mkewe Mektilda alimwambia asubuhi. "Ukinuna tena mbele ya ndugu zangu, utarudi mjini peke yako."

Ndiyo maana alipowakuta wale watatu wamechuchumaa kwenye gurudumu lake, moyo ulimpasuka, lakini meno akayatoa nje.

"Aa, watani!" alisema. "Safari hii mmeniweza."

Mwenye kofia aliwatazama wenzake. "Ndio sisi," akasema.

Walikuwa watani wapole mno. Hawakuimba, hawakumkejeli marehemu, hawakumtukana mtu. Ikabidi Erasmus ajitanie mwenyewe. Aliwaambia kwamba Mnyamwezi hata akivaa rimu za shaba bado ni mpagazi, na ili kuthibitisha akabeba gurudumu la pili mabegani hadi kwenye pikapu yao. La tatu alilipangusa vumbi kwa leso. La nne lilipotoka, alisaidia kupanga mawe chini ya gari lisije likalala chini.

"Nikomboe kwa nini? Kuku au mbuzi?" aliuliza.

"Tutatuma mtu," alijibu mwenye kofia, na pikapu ikaondoka kwa mwendo ambao Erasmus asingethubutu kwenda nao kwenye barabara ile.

Ilimuuma. Kusema kweli alisimama pale dakika nzima akitazama gari lake lililo juu ya mawe, na machozi yalimlenga. Kisha akajikaza, akarudi uani. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa na watu walikuwa wananawa mikono.

"Watani wameninyang'anya magurudumu," alitangaza kwa sauti, akitabasamu. "Yote manne. Hata spana niliwashikia mimi."

Watu walikwenda kuchungulia nyuma ya bani, wakarudi wakicheka hadi kushikana mabega. Mama mkwe, ambaye hakuwa amecheka tangu shemeji yake afariki, alijifuta macho kwa kanga. "Sasa nimepata mkwe," alisema.

"Ndiyo maana hatukuwaona kaburini," alisema Masanja. "Nilikuwa nashangaa mbona watani wa safari hii wamepoa." Akaja mbele ya ukoo mzima, akampa Erasmus mkono, na hakuuachia upesi. Mektilda alikuwa akimtazama mumewe kama siku ile alipomposa. Erasmus akajiambia kwamba rimu hizi, hata zikirudi na mikwaruzo, zimeshalipa.

Wakati huo gari dogo la abiria, limejaa vumbi hadi vioo, likaingia uani. Akashuka Bi Najiat, Mzaramo wa mtaa wa Ng'ambo mjini, kanga imefungwa kiunoni tayari kwa kazi, na nyuma yake wanawake sita na wanaume wawili.

"Tusameheni, wafiwa," alisema. "Tairi ilitupasukia njiani tangu asubuhi. Watani wenu ndio kwanza tunafika."