Kidole cha Mwasiti

Tangu Sajenti Mwasiti ashinde medali ya dhahabu ya kulenga shabaha, bunduki zote za mpakani hulenga kwa mkono wake. Ndiyo sheria: bingwa hulikabidhi jeshi shabaha yake. Yeye mwenyewe hukaa nyumbani, ila bunduki yoyote ikifyatuka huko, kidole chake cha shahada hujikunja chenyewe.

Jumamosi alikuwa barazani akimsuka bintiye, Chiku, aliyeketi chini katikati ya magoti yake. Kidole kikajikunja, kikavuta nywele.

"Pole," Chiku akasema.

"Wewe ndiye wa kupewa pole, mwanangu. Mimi siumii."

"Sikuambii wewe, mama. Namwambia yule aliyepigwa."

Majirani na makamanda humpongeza Mwasiti kila siku kwamba hakosi, na hakuna aliyewahi kumtaja huyo. Akachukua kitana, akagawa nywele upya.

Kidole kikajikunja.

"Pole."

Kikajikunja tena.

"Pole."

Halafu kikaanza kujikunja mfululizo, na Chiku akawa anasema pole, pole, pole, mpaka pumzi ikamwishia. Kidole kilikuwa bado hakijaacha.