Liwake Kila Asubuhi

Chaja ya kwanza mteja aliirudisha kwenye kaunta kabla muuza betri hajamaliza kuisifu.

"Hii inachemsha," alisema. "Nilikuwa nayo kama hii. Imenikaangia betri mbili."

Muuza betri alimtazama upya. Akina mama waliingia dukani kwake kununua balbu na waipa, au kuulizia choo. Huyu alikuwa na grisi kwenye kucha. Akaisukuma pembeni ile ya bei poa, akavuta boksi jingine.

"Basi chukua yenye akili, mama. Inajaza, ikishiba inajizima. Betri ikipungua inaamka yenyewe na kuongeza. Unaiacha hata mwaka mzima."

"Betri yangu ni ya volti sita."

"Volti sita! Hilo gari au toroli?"

"Gari. La zamani."

Hapo muuza betri aliacha utani. Chaja nyingi zenye akili, alieleza, hazina akili kiasi hicho. Zikikutana na betri ya volti sita zinadhani ni ya kumi na mbili iliyoishiwa, zinaisukumia moto mpaka inavimba. Akapanda ngazi na kuanza kupekua rafu ya juu.

"Linakaa sana bila kutembea?" aliuliza akiwa hukohuko juu.

"Halitembei kabisa. Naliwasha tu, kila asubuhi. Ni la mume wangu."

Mtaani mume huyo aliitwa Kapteni, kwa ajili ya glavu nyeupe alizovaa akishika usukani. Kisha kiharusi kikampiga na kuondoka na kumbukumbu zake. Miaka mingi ya karibuni haimo tena kichwani mwake, na unachomwambia leo, akilala na kuamka kimeshafutika. Lakini mngurumo wa gari lake anaujua, na dirisha la chumba chake liko juu ya banda la gari. Muuguzi anayekuja kumkanda miguu huwaambia watu kwamba hajapata kuona mke wa namna ile: awe mgonjwa, awe mzima, kila asubuhi anashuka kumwashia mumewe gari, kisha anapanda kukaa naye.

"Alilipenda sana, eh?"

"Halina kutu hata chembe. Halijawahi kuguswa na mvua. Hakulitoa mvua ikinyesha hata pale ilipobidi."

"Wapenda magari ndivyo walivyo," alisema muuza betri kwa huruma, maana naye alikuwa na pikipiki aliyoifunika blanketi.

"Jana halikuwaka."

"Masikini! Akaumia?"

"Hakujua. Alikula, akaimba, akalala. Mimi ndiye niliyeumia."

Muuza betri akashuka ngazi taratibu, boksi kwapani. Mke wake mwenyewe, siku mumewe alipolala akiugulia mgongo, alimwambia apunguze kelele. Kumbe duniani kuna watu wamebahatika.

"Hamna hata mtoto nyumbani wa kukusaidia?"

"Tulikuwa na binti mmoja. Alifariki akiwa mdogo. Baba yake bado anamwulizia."

"Mungu wangu! Nawe unamwambia yuko shule, si ndiyo?"

"Wengi wangefanya hivyo," alijibu, akaligeuza boksi kusoma maandishi ya nyuma. "Hii ina swichi ya volti sita?"

"Inayo, hii hapa. Kibanio chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi. Taa ikiwa nyekundu, inajaza. Ikiwa ya kijani, imeshiba. Ukiona kijani, mama, gari halikuangushi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Hata miaka."

"Miaka," alirudia, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Muuza betri akampunguzia bei bila kuombwa, akambebea boksi mpaka nje.

Asubuhi taa ilikuwa ya kijani. Alibandua vibanio, akakaa kwenye usukani, akapiga stati. Gari likaitikia papo hapo. Akaliacha likinguruma, akanawa mikono, akapanda juu.

Kapteni alikuwa ameketi kitandani, uso umechangamka.

"Ni gari langu hilo!"

"Ni lenyewe. Limewaka mara moja tu."

"Si nilikwambia? Gari langu haliangushi mtu." Akautazama mlango. "Mtoto kaamka, mama yake? Mlete naye alisikie."

Mkewe akavuta kiti, akakisogeza pale anapoweza kuuona uso wake vizuri.

"Siku ile amezidiwa, na mvua inanyesha, nilikuomba tumpeleke hospitali, ukaniambia betri haina moto," alisema. "Kulipokucha nikaliwasha mwenyewe. Likawaka mara moja, kama leo."

"Siku gani? Amezidiwa nani? Mtoto yuko wapi?"

"Amekufa, baba yake. Amefia mikononi mwangu, na gari zima lilikuwa hapo chini."

Akaegemea kiti na kumtazama akilia msiba mpya kabisa, kama alivyomtazama wiki iliyopita, na kama atakavyomtazama kesho.