Mapigo Manne ya Iguguno

Kwaya ya Iguguno ilifika katikati ya wimbo wa mavuno, ikanyamaza. Si kwamba walikosea. Walinyamaza wote kwa pamoja, soprano, alto, teno na besi, mapigo manne kamili, kisha wakaendelea kuimba kana kwamba hakuna lililotokea.

Bwana wa kurekodi, aliyekuja kutoka Singida mjini kuwasikiliza kwanza, akatikisa kichwa. Pale katikati paondolewe, alisema. Enzi hizi za ruksa ya biashara, kaseti za kwaya zinauzwa mpaka magengeni, na mtu akikuta kimya katikati ya wimbo atadhani redio imekula mkanda. Jumamosi angerudi na vipaza sauti vyake, aukute wimbo umenyooka.

Mwalimu Peniel alikubali papo hapo. Alikuwa mwaka wa mwisho chuo cha muziki, ametumwa Iguguno kwa mazoezi ya kufundisha, na kaseti yenye jina lake kwenye jalada aliitamani kuliko chakula. Lakini Bibi Damari, aliyeimba alto tangu kwaya ilipoanzishwa, alikuwa tayari ameketi.

"Ukiyaondoa hayo mapigo manne, Mwalimu, na mimi uniondoe," alisema kwa upole.

Alto wote wakamgeukia Peniel. Hapo alijua yamemfika. Bila Bibi Damari pale Iguguno hakukuwa na alto, kulikuwa na akina mama tisa wanaomfuata mmoja.

Sasa, usomi nao una mambo yake. Peniel alikuwa anaandika insha yake ya mwisho kuhusu historia ya kwaya za Iramba, na mapigo hayo manne ndiyo yalikuwa roho ya insha. Alishajaza kurasa kumi na moja kuthibitisha kwamba wazee wa zamani walinyamaza kabla ya kuonja mtama mpya, na dini ilipokuja, kimya kile kikahamia kanisani. Hakuna mzee aliyemwambia hivyo. Aliliwaza mwenyewe akiwa anaoga, likampendeza.

Kwa hiyo alikwama kotekote. Akiyaacha, kaseti hakuna. Akiyaondoa, anafuta kwa mkono wake mila aliyoigundua mwenyewe. Ikabidi aulizwe mtunzi wa wimbo, Mwalimu Alute, aliyeanzisha kwaya ile mwaka hamsini na tatu, kisha akahamishiwa shule ya Nduguti na kustaafia hukohuko. Wakapatana kwamba atakalosema Alute ndilo litakalofuatwa. Bibi Damari alikubali upesi, na jioni ile alionekana akitabasamu peke yake.

Peniel akadandia lori la alizeti mpaka Nduguti. Alimkuta mzee nyumbani kwake, peke yake uani, anapepeta alizeti. Akatoa shikamoo, akapewa kigoda, akamsomea kurasa zote kumi na moja. Mzee alisikiliza amefumba macho. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

"Mtama gani tena, mwanangu? Nilikuwa nageuza karatasi."

Akaeleza. Mkono mmoja ulipiga mapigo, mwingine ulishika daftari la nota, na wimbo ulivuka kwenda ukurasa wa pili. Alipofika mwisho wa ukurasa alilamba kidole, akageuza. Kwaya kwa utii wake ikamngoja, ikadhani kungoja nako ni sehemu ya wimbo. Alipokuja kuushika wimbo kwa kichwa, wenyewe wakawa hawarekebishiki tena.

"Daftari lenyewe nililiacha kule," alimalizia. "Bila shaka mchwa walishalila."

Peniel alizikunja kurasa zake taratibu. Roho ilimuuma. Mzee akauliza kama waimbaji wa zamani bado wapo.

"Amebaki mmoja tu. Bibi Damari."

Mzee akavuta ungo, akapepeta tena alizeti ambayo tayari ilikuwa safi. "Bado anasimama mwisho wa safu, pale dirishani?"

"Palepale, Mzee."

"Basi yaondoe tu, mwanangu. Yametosha."

Ijumaa mazoezini Peniel aliwapa habari. Wanakwaya walicheka, wengine wakashika mbavu. Karibu miaka arobaini, watu wazima na akili zao, wanangoja karatasi igeuzwe! Bibi Damari alicheka kuliko wote, mpaka akajifuta machozi na pembe ya kanga. Kisha akaenda kwenye kabati la majoho, ambalo ufunguo wake hakuwahi kumpa mtu, akainama mpaka chini kabisa, akarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye kitambaa cheupe.

"Alute amesema yaondolewe, nayo yataondolewa," alimwambia Peniel. "Kesho nitaimba. Ila wewe ni msomi. Usiandike mambo ya karatasi kabla hujaiona."

Lilikuwa daftari la shule, jalada limepauka, mchwa hawajaligusa. Peniel akalifungua penye wimbo wa mavuno. Nota zilianza juu ya ukurasa na kuishia chini ya ukurasa uleule, na nafasi ikabaki. Akageuza karatasi. Nyuma hakukuwa na kitu.

Akarudi katikati ya wimbo, pale penye kimya. Kati ya mistari miwili ya nota, kwa penseli na kwa mwandiko ulionyooka wa mwalimu anayejipa maelekezo, paliandikwa: "Mapigo manne. Mtazame Damari."